Boma la Mikindani: jengo limepona, mashauri yake yako wapi?

Mikindani iko kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwa barabara iendayo Lindi. Ukiteremka kwenye daladala pale ghubani, hutakosa kuliona jengo jeupe lililokaa juu ya mji, lina mnara, na kuta zake zimekatwa meno kwa juu kama ngome. Hilo ndilo Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Waingereza wakalirithi, wakaweka humo ofisi ya wilaya. Ofisi ilipohama, polisi wakabaki. Polisi nao walipoondoka, mwanzoni mwa miaka ya 1960, jengo likaachiwa mvua na popo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka lilipokarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufanywa hoteli.

Kwa kawaida habari ya Boma hukomea hapo, nayo huwa habari ya furaha: gofu limefufuka, vijana wamepata kazi, wageni wanakuja. Sipingi hata moja kati ya hayo. Ninachouliza ni kingine. Jengo ambalo kwa zaidi ya miaka 60 watu waliingizwa wakiwa washtakiwa na kutoka wakiwa wafungwa, likishaokolewa, linadaiwa nini na watu wa mji wake? Mimi nasema linadaiwa kuyasimulia mashauri yaliyokatwa ndani yake, na kuyasimulia kwanza kwa wale ambao mababu zao ndio waliosimamishwa pale. Ukarabati umelipa nusu ya deni hilo. Kwa fedha, ndiyo iliyokuwa nusu kubwa. Nusu iliyobaki haihitaji mamilioni mengi, inahitaji chumba kimoja cha makumbusho ya polisi na mahakama humo Bomani, na moyo mgumu wa kukaa na karatasi za zamani na kusema yaliyomo.

Jengo lilikuja kufanya nini

Hakuna anayejenga ngome juu ya mji unaompenda. Septemba 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na katika mwambao wa kusini maofisa wa kampuni walifukuzwa Lindi na Mikindani, huku Kilwa wawili wakiuawa. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, wengi wao askari wa Kisudani na wengine waliochukuliwa Msumbiji. Mei 1890 Wissmann aliteremka kusini na kuiteka Kilwa, kisha Lindi, kisha Mikindani, yote ndani ya wiki chache.

Kuiteka pwani hakukuwa kuiteka bara yake. Juu ya uwanda wa Makonde alikuwapo Machemba, mtawala wa Kiyao, aliyemwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili mwaka huohuo wa 1890 akimweleza kwamba haoni sababu ya kumtii, na kwamba kama ni urafiki yuko tayari, ila kuwa raia wake hawezi. Machemba aliwasumbua Wajerumani hadi mwaka 1899, walipompelekea kikosi kikubwa naye akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kwa hiyo Boma la Mikindani lilipojengwa, yule aliyekataa kuitwa shaurini alikuwa bado huru, mwendo wa siku chache tu kutoka hapo. Ukilitazama jengo huku ukikumbuka hilo, mnara unaacha kuwa pambo. Ulijengwa ili watu waonekane kutoka juu, na ili na wao wauone.

Ndani ya Boma mkuu wa wilaya alikuwa mkusanya kodi, mkuu wa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu, vyote kwa mtu mmoja. Hili ndilo la kushika kabla ya yote mengine. Leo ukikamatwa Mtwara, anayekukamata ni mmoja, anayekushtaki ni mwingine, na anayekuhukumu ni wa tatu, hata kama una malalamiko yako juu ya kila mmoja wao. Bomani wote hao walikuwa bwana mmoja, mwenye karani mmoja na mkalimani mmoja. Siku ya shauri watu walikusanyika, akida (msimamizi wa eneo aliyewekwa na Mjerumani) na majumbe (wakuu wa vijiji) wakaleta habari za vijiji vyao, na bwana akakata. Rufaa ya mtu wa kawaida haikuwepo kwa maana tunayoijua. Hukumu ya kifo ilipaswa kuthibitishwa na gavana. Hizi nyingine ziliishia palepale.

Tunajua sheria ilisema nini, kwa sababu iliandikwa. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya Aprili 1896, mwaka mmoja tu baada ya Boma kujengwa, ilipanga adhabu kwa wenyeji: viboko, faini, kifungo, mnyororo, kifo. Viboko visizidi 25 kwa mara moja, na hukumu moja isitekelezwe zaidi ya mara mbili, tena kati ya mara ya kwanza na ya pili zipite wiki mbili. Mzungu mmoja lazima awepo akishuhudia. Wanawake hawachapwi. Waarabu na Wahindi nao hawachapwi.

Kipengele hiki cha mwisho kinahitaji kusomwa ukiwa umesimama Mikindani, siyo Berlin. Mji huu ulikuwa na maduka ya Wahindi, nyumba za Waarabu na nyumba za Waswahili katika mitaa ileile, watu waliouziana na kukopeshana, waliozika pamoja na kuoana. Chukua watu watatu wa mtaa mmoja wametiwa hatiani kwa kosa moja. Mhindi atatozwa faini au atafungwa. Mwarabu vilevile. Mswahili au Mmakonde atalazwa chini. Mzungu hahusiki kabisa, ana mahakama yake. Siyo kwamba desturi fulani iliyokuwapo ilipotoshwa na askari katili. Sheria yenyewe ndiyo iliyowapanga watu wa mji mmoja kwa rangi na kuamua mgongo wa nani uguswe. Pwani nzima adhabu ile ilijulikana kwa hesabu yake, hamsa ishirini, na wazee wetu waliitaja hivyo miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka.

Mashauri ya kodi yalikuwa fungu jingine zito. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa kazi. Ndiyo maana kila ninaposikia Boma likielezwa kuwa lilikuwa makao ya utawala, natamani msemaji aendelee kidogo aseme utawala huo ulikuwa ukifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Ulikuwa ukihesabu vibanda, ukidai rupia, na ukiwatia ndani wasionazo.

Mwingereza, halafu sisi wenyewe

Waingereza waliingia Mikindani Septemba 1916. Walileta utaratibu wa madaftari, na polepole wakagawa kazi ya hukumu: liwali akapewa mahakama ya wenyeji, wazee wa kimila wakapewa zao, na mkuu wa wilaya, Mwingereza, akabaki na madaraka ya uhakimu juu yao. Kwa mtu aliyeshtakiwa tofauti ilikuwapo, na nisiifiche. Kulikuwa na kumbukumbu za maandishi, rufaa ilikuwa na njia, na kiboko kilipungua. Lakini ngazi za kupanda zilikuwa zilezile, na mwenye nyumba alikuwa bado mkuu wa wilaya na hakimu kwa pamoja.

Uhuru ulibadilisha mfumo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilifuta mgawanyo wa mahakama za wenyeji na za wengine, tukapata Mahakama ya Mwanzo ambayo kila mtu anakwenda awe nani. Hiyo ni moja ya kazi kubwa kabisa za miaka ile na haisifiwi inavyostahili. Lakini mwaka huohuo wa 1963 Bunge letu lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa, ambayo kwa makosa fulani ya wizi na rushwa ilimlazimu hakimu kutoa kifungo pamoja na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Ilifutwa mwaka 1972.

Nimeitaja makusudi. Makumbusho ya polisi na mahakama yakiwa ya kumsema Mjerumani peke yake, yatakuwa mepesi na hayatamsumbua mtu. Kiboko kilivuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kijana wa sekondari anayeingia chumba kile anastahili kuuona mstari wote, ukiwemo huo mfupi unaotuhusu sisi.

Kilicholiua Boma, na kilicholifufua

Boma halikufa kwa vita wala moto. Lilikufa kwa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na kusini mashamba yalikuwa Nachingwea. Mazao yalihitaji bandari ya kina kirefu, na ghuba ya Mikindani haikufaa kwa meli kubwa. Mtwara ilifaa. Mwaka 1947 ofisi za wilaya zikahamia huko, ukaanza kujengwa mji mpya wenye barabara pana. Mpango wa karanga ulivunjika mwaka 1951, gati la Mtwara likafunguliwa mwaka 1954, na reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikang'olewa miaka ya 1960. Karanga hazikuonekana, lakini ofisi hazikurudi Mikindani.

Kwa Mikindani ilikuwa hasara, ila hasara hiyo ndiyo iliyolihifadhi jengo. Miji ambayo serikali ilibaki, maboma mengi yameongezwa vyumba, yametobolewa madirisha na kupigwa plasta ya saruji hadi huyatambui. La Mikindani liliachwa jinsi lilivyo. Liliharibika, lakini halikubadilishwa.

Katika miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza linaloitwa Trade Aid liliingia mkataba wa kulichukua na kulikarabati. Wazo lao lilikuwa kwamba Mikindani inahitaji ajira kuliko inavyohitaji sadaka: jengo liwe hoteli, hoteli ifundishe vijana wa hapa kazi, na kipato kirudi mjini. Kazi ikafanyika, wageni wakaja, vijana wakajifunza.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo sitalipita haraka, kwa sababu linaamua kama jengo la aina hii litaishi miaka 10 au 100. Kuta za majengo ya zamani ya pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina matundu, linanyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, na siku ya jua unyevu ule hutoka kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina matundu. Ukuta unavuta na kutoa. Fundi wa leo akija na mfuko wa saruji akaziba ufa, pale alipoziba unyevu haupiti tena. Unakwama nyuma ya saruji, chumvi inaganda humo, na msimu mmoja au miwili baadaye kipande kizima cha lipu kinabanduka kikiwa kimeshika jiwe. Kila anayepita mitaa ya chini ya Mikindani anaweza kuyaona mabaka hayo kwenye nyumba za watu: saruji imesimama ngumu kabisa, ukuta unaoizunguka umegeuka unga. Mwenye nyumba anadhani saruji haikutosha, anaongeza.

Kwa hiyo ni chokaa, hakuna njia ya mkato. Lakini chokaa ya asili hapa kwetu ilichomwa kutokana na matumbawe. Kwa miaka mingi uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa umekuwa tatizo kubwa katika ghuba hii ya Mikindani: mwamba unang'olewa kwa mitalimbo, unapangwa juu ya magogo ya tanuri, unachomwa, na samaki waliokaa pale hawana pa kurudi. Mtu anayetaka kuhifadhi jengo kwa jina la urithi huku akiila bahari wanayoishi wajukuu wa waliofungwa ndani yake hajahifadhi kitu. Njia ipo: mawe ya matumbawe ya kale yaliyoko nchi kavu, yale yaliyokufa maelfu ya miaka iliyopita bahari iliposogea, yanatoa chokaa nzuri. Ni kazi zaidi na gharama zaidi. Mkataba wowote wa kutunza Boma unapaswa kulisema hili waziwazi.

Hoteli au makumbusho?

Watu wengi wanaopenda mambo ya kale wakisikia jengo la historia limefanywa hoteli hukunja uso. Mimi sikunji. Angalia Kilwa Kivinje, mji uliokuwa na boma lake na nyumba za fahari, ambako ofisi zilihamia Kilwa Masoko na mji ukaachwa. Pale Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa mwaka 1895, mwaka uleule wa Boma letu, na mahali pale panaitwa Mwembe Kinyonga hadi leo. Historia yake ni nzito kuliko ya Mikindani, lakini majengo yake yameendelea kubomoka kwa sababu hakukuwa na mtu wa kulipia paa. Paa hulipiwa kila mwaka. Tiketi za makumbusho peke yake, katika mji mdogo wa kusini, hazitalipa mbao za paa la ukubwa ule.

Tatizo la hoteli ni lingine. Kwa asili yake hoteli inampokea anayelipa, na inampa anachokuja kukitafuta: upepo, kivuli, mandhari ya ghuba, samaki wa leo. Haiwezi kumwambia mgeni aliyetoka kuoga kwamba chumba alicholala pengine kilikuwa mahabusu. Na mama anayeuza ming'oko barabarani, au mwanafunzi wa darasa la sita, hapandi mlima kwenda kukaa hotelini. Hivyo watu wanaopaswa kulimiliki jengo kwa kumbukumbu wanabaki kulitazama kutoka chini, kama babu zao.

Lakini nani alisema lazima tuchague? London kuna jengo la Bow Street, kituo cha polisi na mahakama mashuhuri kuliko zote Uingereza. Mwandishi Oscar Wilde alipokamatwa mwaka 1895 (mwaka huu unanifuata) alipelekwa hapo. Emmeline Pankhurst, aliyewadai wanawake haki ya kura, alipandishwa kizimbani hapo. Kituo cha polisi kilifungwa mwaka 1992, mahakama mwaka 2006, na jengo likabaki tupu. Leo sehemu yake kubwa ni hoteli ya kifahari. Sehemu ndogo, pale palipokuwa na selo, ni makumbusho yaliyofunguliwa Mei 2021. Unaingia selo yenyewe, unakiona kizimba chenyewe. Hoteli na makumbusho vinakaa chini ya paa moja, na ile fedha ya hoteli ndiyo inayolifanya paa hilo lisivuje.

Hong Kong nao walikuwa na kituo kikuu cha polisi, mahakama na gereza katika uwanja mmoja. Vyote vilifunguliwa kwa umma mwaka 2018 kwa jina la Tai Kwun, pakiwa na majumba ya maonyesho na mikahawa pembeni. Ho Chi Minh, kiongozi wa ukombozi wa Vietnam, aliwahi kufungwa gerezani mle, kuanzia 1931.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kapenguria, Kenya, vyumba walimofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano vilifanywa makumbusho mwaka 1993, na ukiingia unaona udogo wa chumba kabla hujasoma neno lolote. Arusha boma la Mjerumani ni makumbusho tangu 1987, ingawa yale ni ya viumbe na asili ya binadamu, si ya shauri wala polisi. Iringa boma lililojengwa mwaka 1900 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, kazi iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa. Hapo ndipo pa kujifunzia, kwa sababu ni nchi ileile na sheria ileile. Iringa walipata kitu ambacho Mikindani haina: taasisi ya elimu ya mkoa wenyewe iliyolichukua jengo kama lake.

Sheria inavyoliona jengo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina tarehe ambayo watu wa kusini wanapaswa kuijua kwa kichwa. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja. Lililojengwa baada ya hapo halilindwi mpaka waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Boma ni la 1895. Kwa hiyo kila boma la Mjerumani Tanzania, kwa mtazamo wa sheria, huanza maisha yake likiwa jengo la kawaida tu, na ulinzi wake unategemea kama kuna mtu alikumbuka kupeleka jina.

Ajabu iliyoje, sheria hiyohiyo inailinda milango. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kilicholindwa, bila kuhitaji tangazo. Mikindani mlango wa nakshi uliotiwa kwenye ukuta unaobomoka una ulinzi ambao ukuta wenyewe huenda hauna. Mwenye nyumba akiuuza mlango kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam bila kibali amevunja sheria. Akiuacha ukuta uanguke juu ya mlango, hajavunja kitu. Marekebisho ya sheria yakifanyika siku moja, tarehe hiyo ya 1863 ndiyo ya kuanza nayo, maana inaiacha nje karibu historia yote ya ukoloni, ambayo ndiyo historia tunayoweza kuisoma kwenye majina ya koo zetu.

Chumba kimoja

Ninachopendekeza ni chumba kimoja. Siyo jengo zima, siyo kuwafukuza wageni. Chumba kimoja cha chini chenye mlango wake wa nje, ambacho mtu anaingia bila kupita mapokezi ya hoteli. Kama hakuna mlango wa nje, nyakati zipangwe.

Ndani yake, kitu cha kwanza ni karatasi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhi mafaili ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, ambamo wakuu wa wilaya waliandika kodi, mipaka, koo, njaa, na mashauri. Mafaili ya Kijerumani yana shida yake: mengi yameandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi mpaka afundishwe. Lakini watu wanaoujua wapo, na kazi hii ni ya miezi, siyo ya kizazi. Nakala zipigwe, zisomwe, zifasiriwe kwa Kiswahili, zitundikwe. Hukumu moja iliyoandikwa kamili, ikiwa na shtaka, maelezo ya mkalimani na adhabu, itafundisha zaidi ya ukuta mzima wa picha za magavana.

Majina yataleta mtihani. Mtu aliyefungwa kwa wizi wa mbuzi mwaka 1908 ana wajukuu Mikindani, Naliendele, Msimbati. Je, litundikwe jina lake? Maoni yangu ni kwamba waliohukumiwa kwa kodi, kwa kutoroka kazi ya lazima na kwa kukaidi akida watajwe kwa majina yao kamili, baada ya koo kushirikishwa, kwa sababu wengi wao leo hatuwaiti wahalifu. Wa makosa mengine, yaani wizi na kupigana na ugomvi wa ndoa, zitajwe kesi bila majina. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mji mdogo unakumbuka.

Upande wa pili wa majina nao una uchungu. Akida, jumbe, karani, mkalimani na askari wengi walikuwa Waafrika, na baadhi yao watu wa pwani hiihii. Walioshika kiboko hawakutoka wote Berlin. Makumbusho yasiyolisema hili yatakuwa yanaendeleza uongo wa adabu. Hapa sina kanuni rahisi ya kutoa, ila nadhani mkalimani ndiye mtu wa kuanzia. Yeye alisimama katikati, neno la kila upande likapita mdomoni mwake, na kesi ya mtu iliweza kugeuka kwa jinsi alivyochagua kulisema.

Cha pili ni sauti. Wazee waliokikumbuka kituo cha polisi cha miaka ya 1950 wako wachache na wanapungua. Hawa walishuhudia kwa macho: askari wa kaptula, saa za kufungwa geti, nani alipelekewa chakula na nani alikosa wa kumpelekea. Simu ya mkononi inatosha kurekodi. Mwalimu wa historia wa sekondari yoyote ya Manispaa ya Mtwara Mikindani anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi hiyo muhula huu bila kusubiri kibali cha bajeti.

Na kuna suala la vibao. Chini ya Boma kuna jengo linaloitwa Soko la Watumwa, na mtaani kuna nyumba yenye kibao kinachosema David Livingstone inasemekana aliishi hapo. Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho, akakaa siku chache akakusanya wapagazi na wanyama wake. Wageni wanakitafuta kibao chake na kupiga picha. Sina ugomvi na Livingstone. Ila mpita njia wa siku chache ana kibao, na kwa watu wa hapa waliopanda ngazi za Boma kwa vizazi viwili kujibu mashtaka, mgeni haulizi na haambiwi, kwa sababu hajapewa pa kuanzia. Chumba kile ndicho kingekuwa pa kuanzia.

Mwisho ni mkataba. Jengo ni mali ya umma, na yeyote anayelitumia leo au atakayelitumia kesho analishika kwa makubaliano na serikali. Makubaliano yana muda, na muda ukiisha huandikwa mengine. Kifungu cha chumba kinapaswa kuingizwa hapo, kwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea: ukubwa wake, siku na saa za kuwa wazi, mwanafunzi na mkazi wa Mikindani waingie bure, chokaa isiwe ya matumbawe hai, na kamati ya mji yenye wazee, walimu na mtu wa Idara ya Mambo ya Kale iwe na haki ya kuidhinisha kinachotundikwa. Diwani wa kata na ofisi ya utamaduni ya manispaa ndio wa kuanza kulisukuma, kabla mkataba haujafika mezani kwa ajili ya sahihi.